Mikono Ndiyo ya Kwanza Kusalimu Amri

Watu wengi wakisikia mpiga mbizi wa jeshi hudhani kazi yake yote iko chini ya maji. Kwa sisi wa uopoaji ni kweli: tulishuka kukata chuma, kufunga minyororo na kutafuta kilichozama. Lakini kwa makomando wa majini, maji ni njia tu. Mtu huogelea gizani saa nzima au zaidi ili afike mahali, na akishafika ndipo kazi inapoanza: apande ngazi ya kamba ubavuni mwa meli, akimbie mchangani na mzigo mgongoni, alenge shabaha, aunganishe waya mwembamba kwa ncha za vidole. Kustahimili baridi hakutoshi. Wanaopanga kazi hizi wanataka kujua mtu huyo atatoka majini akiwa amebakiwa na nini.

Nimezaliwa Mtongwe, ng'ambo ya kusini ya Mombasa, jirani kabisa na kambi ya wanamaji wa Kenya. Bahari niliyoijua mimi huwa na nyuzi 29 hivi wakati wa kaskazi, na kusi likiingia hushuka mpaka kama 25. Hapo wavuvi husema maji yamepoa na mama zetu hutukataza kuogelea jioni. Mama alipopata kazi ya kutunza wazee Minnesota tulimfuata, na huko ndiko nilikojiunga na Jeshi la Majini la Marekani. Nilisomea upigaji mbizi Panama City, Florida, kiliko chuo chao, kisha nikaongezewa mafunzo ya utabibu wa wapiga mbizi. Kwa hiyo nimeyaona mambo haya kwa pande mbili: nikiwa ndani ya maji, na nikiwa nimesimama juu nikiwapima wenzangu wakitoka. Upande wa pili ndio ulionifundisha zaidi.

Camp Ripley, katikati ya Minnesota, ni moja ya kambi ambako wapiga mbizi wa jeshi hufanyia mazoezi chini ya barafu. Barafu ya ziwa hukatwa kwa msumeno wa mnyororo, na tundu huwa la pembe tatu, kwa sababu kwenye kona mtu hupata pa kuegemeza viwiko vyote viwili akajivuta juu. Theluji inayolizunguka hufagiliwa kwa mistari inayotoka tunduni kwenda kila upande, ili aliyepotea chini akitazama juu auone mwanga wa mstari mmoja na kuufuata. Juu yake husimamishwa hema lenye jiko. Nje hewa inaweza kuwa nyuzi 20 chini ya sifuri, na chini ya barafu maji yako kati ya 0 na 4, maana maji yasiyo na chumvi huwa mazito kupita yote yakifika nyuzi 4, na hayo ndiyo yanayotua sakafuni mwa ziwa. Bahari haina hata huruma hiyo. Chumvi huiwezesha kushuka mpaka karibu nyuzi 2 chini ya sifuri kabla haijaganda.

Kwenye hewa ya nyuzi 4 mtu huvaa koti akaenda zake. Majini ni jambo jingine, kwa kuwa maji hupitisha joto mara 25 hivi zaidi ya hewa. Dakika ya kwanza ina hatari yake. Ngozi ikiguswa na baridi ya namna ile, kifua huvuta pumzi moja kubwa bila kuamriwa, kisha pumzi zinakwenda mbio na moyo unadunda kwa kasi. Papo hapo uso ukilowa, mishipa ya fahamu ya usoni hutoa amri ya kinyume: moyo upunguze mwendo. Mike Tipton wa Chuo Kikuu cha Portsmouth, Uingereza, ambaye amelitafiti jambo hili kwa miaka mingi, ameeleza na wenzake jinsi amri hizi mbili zikigongana zinavyoweza kuvuruga mapigo ya moyo hata wa mtu mwenye afya. Aliyevaa suti kavu, isiyoingiza maji, hapati pigo lote, kwani ni midomo na mashavu tu yanayoonja maji. Hata hivyo nimewaona wanaume waliokomaa wakiganda ngazini huku wakiitafuta pumzi yao. Mtu wa namna hiyo haharakishwi. Pumzi ikitulia, ndipo ashuke.

Baada ya hapo baridi huanza kazi yake ya polepole. Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, mtafiti ambaye amejitumbukiza mwenyewe kwenye maji ya barafu mara nyingi, hutoa hesabu nyepesi: dakika 1 ya kuitawala pumzi, dakika 10 za kuwa na mikono na miguu inayokutii, saa 1 kabla ya kupoteza fahamu kwa mwili kupoa. Hiyo ni hesabu ya asiye na suti. Ukivaa suti kavu na nguo nzito ndani yake, ile saa 1 hurefuka sana. Muda wa mikono haurefuki kwa kiasi hicho, na mimi naamini hapo ndipo majeshi mengi yalipochelewa kupatazama. Yalihesabu uhai wa mtu, yakasahau kuhesabu vidole vyake.

Mwili ukihisi baridi huokoa vilivyo ndani: moyo, mapafu, ini, ubongo. Mishipa ya damu ya vidole hubanwa, na damu hurudi kifuani. Mwaka 1930 daktari Mwingereza Thomas Lewis alieleza kwamba kidole kilichotiwa kwenye maji ya barafu hakibaki kimebanwa moja kwa moja: kila baada ya muda mishipa hufunguka, damu yenye joto ikapita, kisha hujibana tena. Mpiga mbizi huijua hali hii kwa mchomo unaokuja na kuondoka. Lakini mwili mzima ukishapoa, hata nafuu hiyo hupungua. Ngozi ya vidole ikishuka chini ya nyuzi 15 hivi, ustadi wa kazi ndogondogo huanza kuanguka. Ikikaribia 8, kidole hakitambui tena kinagusa nini. Habari zinasafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu, ute wa viungo unakuwa mzito, na misuli ya kigasha, ambayo ndiyo inayokunja vidole, inalegea.

Ndani ya lile hema nilikuwa na meza yangu ndogo. Juu yake palikuwa na kipima nguvu za kiganja, kibao chenye matundu na vijiti vyake, na boliti moja nene yenye nati. Kila mtu alivijaribu kabla ya kushuka na mara tu alipotoka. Mwenzetu mmoja, mnyanyua vyuma mwenye mabega mapana, kabla ya kushuka aliifunga ile nati huku akipiga soga, hata kuitazama haitazami. Alitoka akiwa mchangamfu. Nikamuuliza anajisikiaje.

"Niko sawa kabisa, daktari. Naweza kurudi hata sasa hivi."

Nikamwekea boliti mbele yake. Akaielekeza nati kwenye ncha, ikateleza. Akaielekeza tena, ikaanguka mezani na kubingirika mpaka ukingoni. Macho yalikuwa yakiiona vizuri, ila vidole havikumpa habari kwamba ameishika. Mara nyingine akaibana katikati ya vifundo vya vidole viwili, akaizungusha nusu duara, kisha akaniangalia kwa mshangao wa kweli. Nilipompa kile kipima nguvu, alikibana na mshale ukapanda vizuri tu. Nguvu alikuwa nazo bado. Kilichoondoka ni ustadi. Kama ningempima nguvu peke yake ningemwandikia kwamba yuko tayari kwa kazi, na kazi yenyewe siku hiyo ingeweza kuwa ya kufunga kilipuzi.

Kichwa nacho hupoa, ingawa hakitangazi. Mwanasaikolojia Mwingereza Alan Baddeley alifanya majaribio na wapiga mbizi kwenye maji ya baridi miaka ya 1970, na lile maarufu zaidi, alilolichapisha na Duncan Godden mwaka 1975, lilifanyika pwani ya Scotland karibu na Oban. Waligundua kwamba maneno aliyojifunza mtu akiwa chini ya maji huyakumbuka vizuri zaidi akiwa kulekule chini kuliko akishatoka nje. Kwa mwanajeshi jambo hili ni zito. Mtu ametumwa kukagua sehemu ya chini ya meli, ameona alichokiona, kisha anangojewa juu atoe ripoti. Ripoti hiyo hupungua njiani. Baridi ikiongezeka juu ya hayo, kumbukumbu ya mambo ya dakika chache zilizopita hudhoofu zaidi. Ndiyo maana kwetu, palipokuwa na simu ya kwenye barakoa, tulimtaka mpiga mbizi aseme anachokiona wakati anakiona, nasi tukaandika juu.

Pasipo na simu kuna kamba. Mshika kamba akivuta mara moja anauliza: u salama? Wa chini akivuta mara moja anajibu: ni salama. Nne ni panda. Alinifundisha kazi hii mzee mmoja aliyekuwa anakaribia kustaafu, mtu mkimya asiyependa kutoka penye kamba hata kwa kikombe cha kahawa. Alinifanya nivue glavu ya mkono mmoja, kwenye baridi ile, ili nihisi vizuri. Mpiga mbizi mwenye joto, alisema, hujibu papo hapo na mvuto wake ni mkavu, una mwanzo na mwisho. Akianza kupoa, jibu huchelewa, kisha huja kwa kujivuta, na huwezi kujua kama ni jibu au ni mtu amejigeuza tu. Siku niliyoihisi tofauti hiyo mkononi mwangu sikungoja aliye chini aombe kutoka. Nilivuta nne. Alipanda akiwa amekasirika, akidai bado ana muda, na alipojaribu kufungua kifungo cha kifuani mwake alishindwa, ikabidi tumfungulie watu wawili.

Jeshini kusema "nasikia baridi" si jambo jepesi. Kijana ametoka kwenye mafunzo ambayo kila siku aliambiwa anayekata tamaa aende nyumbani. Leo unamtaka akiri kwamba vidole vyake vimekufa ganzi. Hatakiri, na mara nyingi hasemi uongo, kwa sababu hajui. Nilimsimulia mambo haya kwa simu mjomba wangu, aliyevua kwa mshipi maisha yake yote, naye akanijibu, "Mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua." Nilimweleza kwamba hawa wetu hawafichi, wamefichwa na baridi yenyewe. Akanyamaza kidogo, akasema basi wapewe mtu wa kuwatazama. Alichokisema kwa sentensi moja ndicho ninachokiona kuwa kanuni ya kwanza ya kazi hii: uamuzi wa nani atoke na lini usiachiwe aliye ndani ya maji.

Vifaa pia vina udhaifu wao. Hewa ya mtungini ikitoka kwenye mgandamizo mkubwa hupanuka na kupoa vikali. Maji yakiwa ya nyuzi 3 au chini yake, unyevu kidogo tu huweza kuganda ndani ya kidhibiti hewa, vali ikakwama ikiwa wazi na hewa ikamwagika bila kukoma. Tulikatazwa kuvuta hata pumzi moja kupitia kidhibiti kabla hakijazama, maana mvuke wa kinywa ndio unaogeuka barafu. Makomando wanaotumia vyombo vinavyozungusha hewa ileile, ili mapovu yasiwafichue, wana tatizo lao: chokaa inayofyonza kaboni dioksidi hufanya kazi kwa mmenyuko wa kemia ambao baridi huupunguza kasi, kwa hiyo kasha la chokaa huisha nguvu mapema zaidi kuliko kwenye maji ya vuguvugu. Na mwili unaotetemeka unatumia oksijeni nyingi na kutoa kaboni dioksidi nyingi. Mtu anadai zaidi saa ileile ambayo chombo kinatoa kidogo.

Kisha kuna damu na maji ya mwilini, habari ambayo wapiga mbizi wenyewe huipuuza. Damu iliyokimbilia kifuani, pamoja na mgandamizo wa maji kutoka nje, huufanya mwili udhani una maji kupita kiasi, na figo huanza kuyatoa. Wengi wetu tulikwepa kunywa maji asubuhi ili tusibanwe na mkojo ndani ya suti, jambo linalozidisha hasara. Baada ya muda mrefu mtu anatoka akiwa amekauka. Anaposimama wima nje, ile nguvu ya maji iliyokuwa ikimshikilia damu kifuani haipo tena, damu inateremka miguuni, kichwa kinazunguka. Mwambie akimbie kilomita moja na mzigo na utaona moyo wake unavyohangaika. Misuli iliyopoa nayo hupoteza zaidi ile nguvu ya ghafla, ya kuruka na kujivuta, kuliko nguvu ya kushika kwa utulivu. Juu ya hayo, joto la ndani linaweza kuendelea kushuka baada ya mtu kutoka, kwa sababu nyama za nje zilizopoa zinaendelea kunyonya joto la ndani. Nilikuwa nikiwapima tena baada ya kupita muda kidogo, na mara nyingi kipimo hicho cha pili ndicho kilichokuwa kibaya.

Hata uogeleaji wenyewe hubadilika. Mwaka 1999 Tipton na wenzake walichapisha kwenye jarida la Lancet matokeo ya waogeleaji hodari waliowekwa kwenye maji ya nyuzi 25, 18 na 10. Kadiri maji yalivyokuwa baridi ndivyo mikono ilivyopiga haraka zaidi huku kila pigo likiwapeleka umbali mfupi, miguu ikazama, mwili ukasimama wima. Nimeliona umbo hilo kwa macho yangu mara nyingi, na kila nilipoliona nilijua mtu huyo hana safari ndefu mbele yake.

Wapo makamanda wanaosema dawa ni mazoea. Wana haki kwa sehemu. Kujizamisha mara tano au sita, dakika chache kila mara, huweza kupunguza ule mshtuko wa dakika ya kwanza kwa karibu nusu, na faida hiyo hukaa kwa miezi mingi. Wanawake wapiga mbizi wa Korea Kusini walizama majira yote ya baridi wakiwa na nguo za pamba tu, na watafiti wakiwemo Suk Ki Hong na Hermann Rahn walionyesha kwamba miili yao ilizalisha joto zaidi wakati huo wa mwaka. Walipoanza kuvaa suti za mpira miaka ya 1970, tofauti hiyo ilitoweka katika kipindi cha miaka michache. Mwili hujifunza, basi, na husahau. Lakini hakuna mazoea niliyoyaona mimi yaliyomrudishia mtu vidole vyake kwenye maji ya nyuzi 2. Ushupavu unamsaidia mtu kubaki majini. Haumsaidii kufunga nati. Anayechanganya mambo hayo mawili akiwa na cheo begani anaweza kumpoteza kijana wa watu.

Wala si lazima maji yawe ya barafu. Usiku wa tarehe 18 kuamkia 19 Desemba 1941, Waitaliano 6 waliingia bandari ya Alexandria, Misri, wakiwa wamepanda vyombo vyao vitatu vya chini ya maji. Luigi Durand de la Penne alikuwa na suti inayovuja, chombo chake kikazama matopeni, mwenzake Emilio Bianchi akapoteza fahamu na kuelea juu. De la Penne alikikokota chombo kile kwa mikono, peke yake, mpaka chini ya manowari ya Waingereza iitwayo Valiant, akatega saa ya mlipuko. Wote wawili walikamatwa wakiwa hoi. Kilipuzi kililipuka, manowari ikakaa sakafuni mwa bandari. Watu husimulia ushujaa wake, na anastahili. Mimi kila nikiisoma habari hiyo nafikiria mikono ile iliyolowa ikitafuta swichi gizani, kwenye maji ambayo mtalii angeyaona ya kawaida tu.

Nyumbani wengi huamini haya yote hayawahusu. Tangu gari moja lilipotumbukia baharini kutoka kwenye feri ya Likoni, Mombasa, Septemba 2019 na kuopolewa mwezi uliofuata kutoka kina cha mita 58 hivi, vijana wa kwetu wamekuwa wakiniuliza mengi kuhusu kazi hii. Mmoja wao, aliye mwanamaji sasa, aliniambia, "Kaka, huku maji ni moto. Hayo ya baridi ni yenu."

Nikamweleza majaribio ya Kitengo cha Utafiti wa Upigaji Mbizi cha Jeshi la Majini la Marekani, kilichoko Panama City, yaliyochapishwa mwaka 2007. Wapiga mbizi walishushwa kwenye mgandamizo wa kina cha mita 37 hivi, baadhi wakiwa kwenye maji ya joto na wengine kwenye ya baridi, kisha hali ikabadilishwa wakati wa kupanda. Waliokuwa na joto chini na baridi wakati wa kupanda waliugua ugonjwa wa mapovu ya naitrojeni mara nyingi zaidi kuliko waliopoa chini na kupashwa joto wakipanda, ingawa hao wa pili walikaa chini muda mrefu zaidi. Joto hufungua mishipa na naitrojeni ikajaa mwilini. Baridi ikija wakati wa kupanda huifunga mishipa hiyo, na naitrojeni ikanaswa humo. Maji yaliyoitwa ya joto yalikuwa nyuzi 36. Yaliyoitwa ya baridi yalikuwa 27.

"Ishirini na saba?" akauliza. "Hayo si ya hapa Kilindini?"

Ndiyo hayo. Mtu anayefanya kazi ngumu kwenye kina kirefu cha Kilindini, bandari yetu ya Mombasa, mwili wake una joto la kazi. Akianza kupanda husimama kwenye kamba akingoja dakika za kutoa naitrojeni, hafanyi lolote, na hapo ndipo anapopoa, hata kwenye bahari aliyozaliwa kando yake. Nilimwambia avae suti nzima na kofia yake hata kama juu ya boti jua linamchoma, asijipashe moto akiwa chini, na kama wana maji ya vuguvugu ya kupitisha ndani ya suti, yaanze kufunguliwa anapofika kituo cha kwanza cha kupandia. Akaniuliza maji hayo huwekwa nyuzi ngapi na pampu gani inafaa kwenye boti ndogo, tukakaa kwenye simu mpaka salio lake likaisha.